Zawadi ya Mama Asiyekula Mkate

Ko.

Yai liligongwa kwenye ukingo wa kikaango, mara moja tu, kwa mkono uliozoea kazi hiyo. Kukawa kimya kidogo, kisha la pili nalo likapasuka. Siagi ikaanza kunong'ona jikoni.

Kiduchu alikuwa macho, amejifunika shuka mpaka kidevuni, anasikiliza. Nje kulikuwa bado giza. Alikijua kila kitakachofuata. Mama angevuta kiti polepole asije akamwamsha mtu, angekula, angeosha sahani yake na kikombe chake, angevifudikiza karibu na dirisha. Jua likichomoza, jikoni kungekuwa safi kana kwamba hakuna aliyetia kitu mdomoni. Tangu aanze huo mlo wa keto, ndivyo alivyokuwa akila kifungua kinywa chake: peke yake, gizani, kama mtu anayeiba chakula cha wenzake.

Kiduchu alikwisha kujizoesha kuamini kwamba ni masharti ya daktari. Daktari ndiye aliyeona sukari ya mama inapanda, ndiye aliyemwambia aachane na ngano, wali, viazi na kila kitamu, ashike mayai, nyama, samaki, mboga za majani, siagi na parachichi. Mama alishika kweli. Mwanamke aliyeweza kukaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka macho yamwume hakuwa mtu wa kushindwa na kipande cha keki.

Lakini leo ile sauti ya yai ilimkaa vibaya moyoni. Leo alasiri Mwokaji, kijana aliyetaka kumwoa, angekuja nyumbani kwa mara ya kwanza, na mama alikwisha kusema neno lake.

"Aje," alisema, huku sindano ya cherehani ikienda mbio chini ya vidole vyake. "Nitamwona mara moja, asije akasema nimemkataa bila kumtazama usoni. Baada ya hapo asirudi, na wewe usinirudishie habari zake."

Kiduchu hakuwa msichana wa kumwinamia mtu ovyo, ila kwa mama alikuwa mwingine. Alizaliwa kabla ya wakati wake, mdogo mno, akalazwa ndani ya kapu la vitambaa kando ya cherehani, ndipo jina la Kiduchu lilipomwangukia. Sasa alikuwa amempita mama kwa kichwa kizima na jina halijabanduka. Baba alifariki naye angali anajifunza kutembea. Kila kilichoingia kinywani mwake tangu siku hiyo kilipitia kwenye ile cherehani. Kwa hiyo alimwambia Mwokaji mapema, kabla mapenzi hayajanoga, kwamba hatatoka katika nyumba ile huku mama amempa mgongo. Mwokaji akasema ameelewa. Kaka yake alikuwa amefungua tanuri katika mji mwingine na anamsubiri akashirikiane naye. Angempa kaka jibu baada ya siku ya leo.

"Nikikataliwa nitakwenda," alimwambia, bila ugomvi. "Siwezi kukaa mji mmoja na wewe, tunapishana njiani, nakusalimu kama mteja."

*

Walikutana kwa sababu ya unga. Kiduchu alikuwa fundi wa miwani, kazi yake kusugua lenzi na kuzikaza kwenye fremu, na siku moja kijana mrefu aliingia dukani kwao na miwani iliyokwaruzwa mpaka ikafanana na dirisha lililopigwa msasa.

"Unafutia nini hii?" Kiduchu alimuuliza.

"Aproni."

"Aproni ya nini?"

"Ya kazini. Mimi naoka mikate. Mvuke wa tanuri ukinitanda nafuta, nikigeuka umetanda tena."

"Aproni yenye unga. Kaka yangu, wewe huioni dunia, unaona ukungu."

Alipomvisha miwani mpya na kuikalisha vizuri nyuma ya masikio, yule kijana alimtazama kwa muda, mara akatazama sakafu. "Kweli," alisema. "Nilikuwa naona ukungu." Masikio yake yakawa mekundu kama mtu aliyesimama mbele ya tanuri.

Tangu hapo akawa anarudi dukani kukaziwa skrubu ambazo hazikulegea. Kiduchu alizikaza zote.

Mama aliposikia habari zake, hakuuliza ukoo wala tabia. Aliuliza kazi. Alipoambiwa kazi, alikunja uso. Siku za kwanza alisema mwokaji anaondoka kazini watu wanaamka na anaamka watu wanalala, kwa hiyo Kiduchu atakuwa ameolewa na mto wa kulalia. Baadaye akasema mikono ya moto haidumu, uzeeni itakuja kumtetemeka. Kila sababu aliyoitoa mama, Kiduchu aliijibu, na kila iliyojibiwa ilizaa nyingine. Kiduchu aliona kwamba sababu yenyewe bado haijatajwa, iko nyuma ya hizo, imekaa tu. Jambo moja alilogundua ni kwamba neno mkate likitajwa, mama hugeuza uso upande wa dirisha.

Ndipo ikaja shida ya zawadi. Mtu haendi kwa mama mkwe mikono mitupu, hasa mama mkwe anayemngojea amkatae. Na huyu ni mama asiyekula biskuti, asiyekula keki, asiyegusa asali wala juisi. Walilikalia suala hilo kwenye meza ya kazi ya Kiduchu, kati ya lenzi na bisibisi. Mwokaji alitaja lozi. Kiduchu akasema kabati limejaa lozi. Akataja mafuta ya zeituni, jibini, parachichi nzuri za kuchagua moja moja. Yote yalikuwepo, yameletwa na majirani na wateja na wake wa wajomba.

Shangazi, dada wa marehemu baba, alipoombwa ushauri alicheka mpaka akafuta machozi. Yeye aliuita ule mlo dini mpya ya wifi yake. "Mpelekeeni kopo la mafuta," alisema. "Siku hizi wifi anatiwa mafuta kama gari, labda atawaka."

Mwishowe Mwokaji mwenyewe alipata wazo, na wazo lilipomjia akasimama wima. Angemwokea mama mkate. Mkate usio na ngano hata chembe, wa unga wa lozi na mayai na siagi na mbegu za kitani zilizosagwa. Mkate ambao mama angeweza kuula bila hofu. Kiduchu alimshika mkono juu ya meza, akaona kwamba hakuna zawadi nyingine duniani inayoweza kuupita huo. Mtu ampe mama yake kile alichonyang'anywa.

Mkate wa kwanza ulizama katikati ukawa kama tofali lililonyeshewa. Uliofuata ulinuka mayai mpaka wenzake kazini wakamuuliza kama amefuga kuku ndani ya tanuri. Hakukata tamaa. Alibadilisha moto, akabadilisha bati, akajifunza kuupumzisha kabla ya kuuchoma. Na jana jioni alimpigia simu Kiduchu, sauti imejaa kicheko alichokuwa anakizuia, akamwambia kwamba umetoka. Umeinuka, ganda linapasuka, juu ameuchora mikato yake mitatu kama mikate yake yote.

"Ukiuona," alisema, "hutaamini kama si ngano."

Laiti mmoja wao angelisikia neno hilo vizuri.

*

Alifika alasiri, jua limeinama, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi. Alinukia sabuni. Kiduchu aliyemfungulia mlango alielewa kwamba amejisugua mara mbili ili asiingie na harufu ya kazi yake, na kwa kitu kidogo hicho akazidi kumpenda.

Mama alikuwa kwenye cherehani, anamalizia gauni la mteja. Shangazi alikuwa kwenye kochi, ameshika kikombe, amekaa mkao wa mtu aliyekuja kutazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Cherehani haikusimama.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, Bwana Unga. Karibu ukae, hapo hapana msumari."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti, mfuko wake magotini. Mama alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, ndipo akageuka. Alimtazama mgeni kuanzia viatu mpaka miwani. Kiduchu, aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, alimtazama mama, akaona kitu alichokuwa akikiona kila siku bila kukitia maanani. Gauni la mama lilikuwa limebanwa kiunoni kwa pini. Na begani pia. Fundi wa nguo za mtaa mzima alikuwa amevaa nguo iliyoshikizwa kwa pini.

Mama aliuliza maswali yake kwa utaratibu, kama anayepima kitambaa. Analala saa ngapi. Akiugua nani anamwangalia. Anakunywa? Hanywi. Ana hasira? Mwokaji alifikiri, akasema anazo, ila zinamjia polepole na zinaondoka polepole, na siku hizo hupenda kukanda unga mwenyewe badala ya kutumia mashine. Shangazi aliguna, akasema afadhali aupige unga kuliko mtu. Mama hakucheka.

"Na hicho ni nini umekikumbatia?"

Mwokaji alisimama. Alitoa mfukoni kitu kilichofungwa kwa kitambaa cheupe, akakiweka mezani kwa mikono miwili, akakifungua.

Mkate ulikuwa mzuri, jamani. Mwekundu wa hudhurungi, umeinuka, mikato mitatu imefunguka juu yake. Hata harufu yake ilitembea mpaka pembe za chumba.

Mama aliutazama mkate ule kwa muda mrefu, na uso wake ukafanya jambo ambalo Kiduchu hakuwahi kuliona. Ulilainika kama uso wa mtoto, kitambo kidogo tu. Halafu ukajikunja.

"Umeniletea mkate," alisema, kwa sauti ya chini.

"Mama, huu si kama—"

"Mtu hali mkate. Mji mzima unajua hali mkate. Wewe unakuja kumposa bintiye na unamwekea mkate mezani."

"Hauna ngano, mama. Ni lozi. Lozi na mayai, nimeuoka mwenyewe kwa ajili yako, na bati nililiosha—"

"Kijana, mimi mkate naujua. Nimeukata kila asubuhi ya maisha yangu. Hii hapa ni ngano."

"Mama, ni kweli," Kiduchu alisema. "Mimi najua, tuliamua pamoja."

"Mliamua pamoja." Mama aligeuza shingo. Kiduchu angependa kuzirudisha zile kauli mdomoni.

Shangazi, ambaye subira haikuwa kipaji chake, alikuwa amekwisha inuka. Alimega kona ya mkate, akatafuna huku anatazama dari kama mtu anayesikiliza redio. Alimeza. "Wifi, hauna ngano," alitangaza. "Sura ni ya mkate, lakini ndani ni lozi tupu. Kijana ni mchawi, ila si mwongo."

Mama aliunyoosha mkono, akaligusa ganda kwa ncha ya kidole. Likapasuka kidogo, kwa ule mlio wake. Aliuondoa mkono upesi, akaufuta kwenye gauni. Na Kiduchu alipodhani kwamba sasa mambo yatatulia, ndipo yalipoharibika kabisa.

"Kwa hiyo ni wa lozi," mama alisema. "Vizuri. Njoo nikuonyeshe kitu."

Alikwenda kwenye kabati la ukutani, akalifungua milango yote miwili. Chupa za mafuta zilikuwa zimesimama safu kwa safu. Lozi na korosho kwenye makopo. Mitungi ya samli, mbegu za kila namna, parachichi zimepangwa kwenye sinia, nyingine zimekwisha kuwa nyeusi. Chini kabisa, ndani ya boksi lake, palikuwa na mizani ya jikoni ya kupimia chakula.

"Hii ya mke wa mjomba wake. Hii ya jirani. Hii ya mteja wangu, nilimshonea nguo ya harusi. Mizani hii aliniletea mwanangu mwenyewe siku yangu ya kuzaliwa." Sauti yake haikupanda, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Zamani watu walikuwa wananiletea marashi. Walinichagulia kitambaa, wakaniambia rangi hii nilipoiona nilikukumbuka. Sasa kila anayeingia mlango huu analiletea zawadi gonjwa langu. Nimepungua mpaka nguo zinanikimbia, nani ameniona? Nani ameniletea hata mita moja ya kitambaa? Na wewe, ambaye hunijui, umekuja na zawadi ya sukari yangu. Umefanana nao wote. Ila wewe umeitengeneza vizuri zaidi."

Kiduchu aliiangalia ile mizani kwenye boksi lake. Alikumbuka jinsi alivyoifunga kwa karatasi ya maua, jinsi mama alivyosema asante mwanangu. Uso wake ulimwaka.

Mwokaji alivua miwani, akaifuta. Hakuwa na aproni, aliifuta kwa upindo wa shati, na hata katika saa ile Kiduchu alitamani kumwambia asifanye hivyo. Aliivaa tena. Kisha akaufunga mkate wake kwa kitambaa, taratibu, akautia mfukoni, akautoa mfuko nje mpaka kizingitini na kuufungia mlango, ili harufu isibaki chumbani. Aliporudi hakukaa.

"Nisamehe, mama," alisema. "Usiku wote niliokuwa najaribu, nilikuwa nafikiria ngano. Sikufikiria wewe."

"Haidhuru." Mama alirudi kwenye kiti chake cha cherehani. "Nimekuona, umeniona. Nenda salama."

Basi ndiyo hivyo. Kiduchu alimtazama Mwokaji na Mwokaji akamtazama, na katika mtazamo ule palikuwa na skrubu zote zilizokazwa bure, na mkono juu ya meza ya kazi, na tanuri la kaka yake katika mji mwingine. Alitaka kusema neno. Alitaka kumlilia mama magotini. Lakini alikuwa ameahidi, na Mwokaji alikuwa amesikia ahadi hiyo tangu mwanzo.

Mwokaji alipita mbele ya mlango wa jikoni kuelekea nje. Hapo akasimama.

Karibu na dirisha la jikoni palikuwa na sahani moja imefudikizwa, na kikombe kimoja, na kikaango kidogo cha kutosha mayai mawili. Aliviangalia kama mtu aliyekutana na ndugu yake asiyetegemea kumkuta.

"Mama," alisema, bado anaitazama ile sahani. "Mayai unakula na nani?"

Mama aliinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Nauliza tu. Mimi kule kazini nina kikaango kama hiki. Na sahani moja, na kikombe kimoja. Hata mahali pa kuvifudikiza ni dirishani."

"Mwokaji gani anakula mayai asubuhi?" mama alisema, na kwa mara ya kwanza alimuuliza kitu kwa sababu alitaka kujua. "Umezungukwa na mikate."

"Ndiyo maana. Harufu yake inanishibisha, mama. Ikifika alfajiri, mkate nikiutazama naona kazi. Wenzangu wananicheka. Wao wanakwenda kulala, mimi nakaanga mayai yangu, nakula nimesimama, halafu naingia mitaani kusambaza."

"Umesimama?"

"Hakuna kiti."

"Mtu anakula amesimama kama punda," mama alisema. Pembe ya mdomo wake ilitikisika.

Shangazi alifungua kinywa. Kiduchu alimtazama kwa jicho kali, akakifunga.

"Na wewe, mama?" Mwokaji aliuliza. "Kwa nini gizani?"

Mama alichukua kipande cha uzi kilichobaki, akakizungusha kidoleni, akakizungusha na kukizungusha. Aliposema, hakumtazama yeyote.

"Huyu mtoto anapenda mkate wa kuchoma asubuhi. Tangu akiwa mdogo, na siagi juu. Ile harufu ikipanda nami nimekaa naye mezani, nasahau daktari. Mara moja nilimnyang'anya kipande mkononi, akaogopa. Akasema basi, hatachoma tena. Sasa kwa nini yeye asile chakula anachokipenda kwa sababu yangu? Nikaona bora mimi nitangulie. Yeye akiamka, mimi nimemaliza, niko kwenye cherehani na mlango nimeufunga."

"Mama," Kiduchu alisema.

"Na ukiolewa na huyu, harufu hiyo itakuja na mkwe, na wajukuu, na mashati yake kwenye kamba yangu. Nitakula wapi mimi? Nitaamkia saa ngapi?"

Ndiyo hiyo sasa, ile sababu iliyokuwa imekaa nyuma ya nyingine zote. Kiduchu alivuka chumba, akapiga magoti kando ya cherehani, mahali pale pale lilipokuwa likikaa lile kapu lake la vitambaa.

"Mama, mimi sijala mkate nyumbani humu tangu siku ile uliponipokonya. Nakula dukani. Najificha nyuma ya mashine ya lenzi, nafuta mdomo kabla sijarudi. Hujasikia harufu kwa sababu hakuna mkate."

Mama alimtazama. "Huchomi?"

"Sichomi."

"Basi asubuhi zote hizo naamka kumkimbia nani?"

"Nami nalala pale nakusikiliza unavyogonga mayai, nadhani daktari amekukataza kula na watu."

Walitazamana, mama na binti, na haikujulikana nani alianza. Kilikuwa kicheko, lakini mama alifuta macho kwa kitambaa cha mteja, ikabidi akipige pasi upya. Shangazi alisema ama kweli nyumba hii ina watu wawili na wote wamepotea, akamiminia kila mtu chai isiyo na sukari bila kuulizwa.

Mwokaji alikunywa yake akiwa amesimama. Mama alimwonyesha kiti kwa kidevu, akakaa.

Hawakurudi kwenye habari za posa. Mama alimuuliza mayai anayakaanga kwa siagi au mafuta, akasema siagi, mama akatikisa kichwa kukubali. Alimuuliza anaacha kiini kiive au kibaki laini. Walipishana hapo, wakabishana kidogo, na Kiduchu, aliyekuwa bado amekaa sakafuni ameegemea mguu wa cherehani, alijifanya anaokota pini ili uso wake usionekane. Alikuwa ameweka nia. Kesho akitoka kazini angepita kwenye duka la vitambaa. Angechagua rangi bila haraka.

Jua lilikuwa limezama Mwokaji alipoaga, maana kwake ndiyo kwanza siku ya kazi inaanza. Mama mwenyewe alimsindikiza mpaka mlangoni. Aliuona ule mfuko kizingitini, akausogeza kwa mguu kuelekea kwa mwenyewe.

"Mkate wako ondoka nao. Siku nitakayoutaka nitauomba kwa mdomo wangu."

"Sawa, mama."

"Na mengine yote sijayajibu. Usiende ukamwambia mtu nimejibu."

"Sitamwambia."

Alimwacha apige hatua mbili tatu kushuka ngazi. Kiduchu, nyuma yake, aliona mgongo wa mama ukinyooka, ukiwa na zile pini zake begani, na mkono wake ukishika ubao wa mlango kama anayetaka kujizuia na hawezi.

"Mwanangu."

Mwokaji aligeuka.

"Kaka yako anayekusubiri, Kiduchu kanisimulia, hawezi kungoja siku mbili tatu?"

"Anaweza kungoja, mama."

"Basi kesho ukimaliza kazi yako, kabla hujaanza kusambaza, pita hapa. Usilete kitu chochote. Gonga dirisha la jikoni polepole. Kiti kipo."